Fosforasi Haiangamizwi

Wapo wafasiri wanaopendelea kuandika kwamba bakteria "huangamiza" fosforasi ya majitaka. Kitenzi hicho twakikataa. Fosforasi ni elementi, haifi. Katika utaratibu alioundeleza James Barnard huko Afrika Kusini miaka ya 1970, bakteria huiachia majini pasipo oksijeni. Kisha, wapatapo hewa, huifyonza kwa wingi zaidi na kuiweka akiba mwilini. Hutoka mtamboni pale tu tope lenye bakteria hao linapozolewa. Msimamizi aliyesoma "huangamiza" ataliacha tope likae tangini bila hewa, na fosforasi irudi majini. Twapendekeza "uondoaji wa fosforasi kwa bakteria", maana kitu kilichoondolewa huulizwa kimepelekwa wapi. "Kibiolojia", ingawa limezoeleka, halimwambii fundi lolote.