Anza na Chokaa, Jiko Baadaye

Anayetafuta fleti ndani ya nyumba kongwe za matofali za Bloomsbury au Islington, London, huonyeshwa kwanza jiko jipya. Jiko hubadilishwa wakati wowote. Mimi ningebaki kwanza barabarani, niutazame ukuta.

Nyumba hizi, nyingi za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, zilijengwa kwa matofali ya manjano na kahawia yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Kwenye safu moja, tofali hili limelazwa ubavu, linalofuata limeonyesha kichwa. Sogea, kwaruza kiungo kati ya matofali kwa ukucha. Chokaa hutoa unga kidogo. Saruji haitoi kitu, na hapo ndipo penye hatari. Unyevu wa ukutani hutoka kupitia chokaa. Ukizibwa na saruji, hupita ndani ya tofali lenyewe, huganda wakati wa baridi, na uso wa tofali hubanduka, saruji ikabaki imetokeza kama mbavu. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili: saruji huufungia unyevu ndani ya kuta za mawe na chokaa. Ukuta uliozibwa viungo upya kwa chokaa una mwenyewe anayeujali.

Madirisha pia husema. Baada ya moto mkubwa wa 1666, sheria ya 1709 iliagiza fremu zirudishwe ndani inchi 4 kutoka usoni mwa ukuta, na ile ya 1774 ikataka mbao zake zifichwe nyuma ya matofali. Fremu ya plastiki iliyolingana na uso wa ukuta imeiharibu nyumba.

Ukiingia, inua macho darini. Mkanda wa nakshi za plasta unapaswa kuzunguka pembe zote nne za chumba. Ukiona unazama ukutani na kupotea, chumba kilikatwa nyumba ilipogawanywa kuwa fleti. Kiambaza kinachoishia katikati ya dirisha ni kazi mbovu, hata bei iwe nzuri vipi. Wagawaji hodari hupeleka bafu na jiko nyuma, vyumba vya mbele vya ghorofa ya kwanza, vilivyojengwa virefu kwa ajili ya wageni, huviacha vizima.

Sakafu iliyoinama kidogo isikutishe. Ufa mpya uliopasua tofali ndio wa kuitia mhandisi. Sauti ndiyo wengi husahau. Sakafu za mbao hupitisha kila hatua kama mgawaji hakujaza kizuizi kati ya maboriti, kwa hiyo omba mtu atembee na viatu fleti ya juu wakati wewe umesimama chumba cha kulala.