Kwapa Ndilo Linalosema: Kuichagua na Kuivaa Singlendi Nyeupe Nyanda za Juu Kusini

Mnunuzi wa singlendi nyeupe huanza na weupe, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapompata. Weupe ni rahisi kutengeneza. Kiwandani kitambaa hutiwa dawa ya kukifanya king'ae kwenye mwanga wa jua. Nyumbani, bluu kidogo kwenye maji ya mwisho huficha umanjano. Na pale soko la SIDO, Mwanjelwa, Mbeya, turubai la bluu lililotandwa juu ya kibanda hufanya kazi hiyohiyo bila gharama: kila kilicho chini yake kinaonekana kipya. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba kutoka nayo nje.

"Kaka, samahani, naomba niiangalie juani."

"Toka nayo tu, dada'angu. Hiyo chaguo la kwanza."

Muuzaji mzoefu hakatai. Ukifika juani ikunjue yote utazame kwapani, shingoni kwa nyuma, na tumboni pale mkanda unapogusa. Umanjano wa kwapani uliokakamaa, unaokwaruza kidole ukiupapasa, hautoki tena. Hilo ni jasho lililochanganyika na aluminiamu ya dawa za kwapa, na limeshashikamana na nyuzi zenyewe. Umanjano hafifu uliotapakaa sawasawa nguo nzima ni jambo jingine: mara nyingi ni mabaki ya sabuni, au nguo kukaa siku nyingi kwenye belo la mitumba, na unaondoka kwa kuloweka na kusuuza vizuri. Nimeona watu wakiitupa ya pili na kuondoka na ya kwanza kwa sababu ilikuwa nyeupe zaidi kifuani.

Lakini anayeijua nguo hii hasa hutazama ukato wa kwapa. Singlendi haina kola, haina vifungo, haina mikono, haina maua. Ina shingo, makwapa mawili na mabega, basi. Fundi aliyekosea hana pa kujificha, na mahali anapokosea mara nyingi ni pale. Kwapa la nguo likikaa vidole viwili chini ya kwapa lako, liko sawa. Likishuka zaidi, sidiria inachungulia na mbavu ziko nje. Likipanda zaidi, linakata ngozi, linakusanya jasho, na ndani ya wiki chache umanjano tuliousema unaanza.

Kisha tazama upapi, ule utepe mwembamba unaozunguka shingo na makwapa. Fundi mzuri huukata mfupi kidogo kuliko tundu lenyewe, na kuuvuta wakati wa kushona ili ukishashonwa uivutie nguo mwilini. Itandaze singlendi juu ya meza, au juu ya mapaja yako kama huna meza. Upapi mzuri unalala chini, umejikunja kidogo kuelekea ndani. Upapi mbaya unapiga mawimbi, na ukipiga mawimbi mezani, mwilini utaachia uwazi kila ukiinama. Tafuta na kiungo chake. Kwenye kazi safi kinakaa pembeni, chini ya mkono, sambamba na mshono wa ubavu. Kikiwa mbele, mtu alikuwa na haraka. Mwisho geuza ndani nje. Nje uone mistari miwili ya uzi inayokwenda pamoja, ndani uone utando wa nyuzi zilizopishana: huo ni mshono unaovutika. Mstari mmoja wa cherehani ya kawaida hauvutiki, na siku ya kwanza ukiipitisha nguo kichwani utasikia uzi ukikatika. Kwa hiyo ivute shingo pale pale kibandani, taratibu, kwa mikono miwili, ukisikiliza.

Bega lipime kwa vidole. Vitatu au vinne vinafunika mkanda wa sidiria. Viwili vinakulazimisha kuvaa kitu juu siku nzima.

Kuhusu kitambaa, chaguo ni ama laini ya kawaida ama ribu, yenye michirizi ya kusimama. Laini ina uso na mgongo tofauti, na kingo zake zikikatwa hujikunja. Ribu huvutika kwa upana na kurudi, ndiyo maana inashika mwili. Ipime hivi: bana sehemu ya kiuno, ivute hadi mwisho, iachie. Ikirudi mara moja, uhai bado upo. Ikibaki na mdomo wazi, imechoka. Halafu ingiza kiganja ndani ya nguo. Ukiweza kuhesabu vidole vyako, hiyo ni ya kuvaa ndani tu. Ukiona kivuli pasipo vidole, unaweza kutembea nayo peke yake mjini. Kwa wanaonunua kitambaa kwa uzito, gramu 180 hadi 200 kwa mita ya mraba ndiyo kiasi ninachokiamini kwa nguo ya kuonekana.

Jaribio linalosahaulika ni la kusokotana. Ikunje singlendi katikati kwa urefu, bega juu ya bega, kisha tazama mishono ya mbavu. Kwenye nguo nzuri inalaliana toka juu hadi chini. Kwenye nguo iliyofumwa kwa uzi uliosokotwa kupita kiasi, mshono wa ubavu umehama, umekuja tumboni, na hakuna pasi itakayourudisha. Nguo mpya huficha kasoro hii hadi ifuliwe mara ya kwanza. Mtumba umeshafuliwa, umeshajieleza, na hilo ni jambo jema ambalo mitumba haisifiwi.

Mtumba au mpya, basi? Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linakataza kuingiza nguo za ndani zilizotumika, na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Singlendi nyepesi ya kugusa ngozi, ya kuvaa chini ya shati, inunue mpya. Arusha kuna Sunflag na A to Z, viwanda vinavyofanya kazi ya vitambaa vya kufuma, na pamba ya Shinyanga na Simiyu ni yetu. Ukiona fulana mpya yenye lebo ya hapa nchini, ipe nafasi ya kwanza, lakini ipitishe kwenye majaribio yaleyale bila upendeleo. Singlendi nzito ya kuvaa nje ndiyo unayoipata kwenye belo kwa bei nafuu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, na Rwanda ndiyo iliyoshikilia uamuzi. Huku kwetu malori yameendelea kuupanda mlima Kitonga na mabelo yake, na pamba nzuri nzito bado inashushwa Iringa na Mbeya.

Ukiwa na shaka kama ni pamba kweli, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la chini uuchome nyumbani. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Ukiyeyuka na kuacha kipande kigumu cheusi, una plastiki mwilini.

Sasa kuvaa. Mbeya asubuhi ya Juni au Julai ukungu umeukalia mlima Loleza na baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini saa saba mchana jua la Kabwe linachoma. Nguo ya siku hiyo ni ya kuvua kidogo kidogo, na singlendi ndiyo inayobaki mwisho. Ndiyo maana Mbeya nachagua ribu: inabana, haijikusanyi chini ya sweta, na ukivua koti kwenye bajaji haikupandi hadi tumboni. Juu yake shati la flana lisilofungwa vifungo, juu ya shati sweta au koti. Kila nguo ya juu iwe nzito kuliko iliyo chini yake. Sweta jembamba juu ya singlendi nene huchora kila mshono wa ndani.

Urefu una kazi yake hapa. Singlendi ya kuchomekea ipite nyonga kwa kiganja kizima. Ikiwa fupi ya hapo, panda bodaboda toka Uyole hadi Sae, na ukishuka mgongo uko nje.

Iringa nageuza: laini nzito, isiyobana, iliyochomekewa kwenye sketi ya kitenge ya kiuno cha juu. Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii. Weupe wa kitenge mara nyingi ni wa maziwa, na singlendi iliyojaa bluu ikikaa karibu nacho inakifanya kionekane kichafu. Peleka kipande cha kitenge sokoni uvilinganishe. Na sidiria isiwe nyeupe. Ya kahawia iliyokaribia rangi ya ngozi yako haionekani, nyeupe inaonekana toka upande wa pili wa barabara. Kwa mwanaume, suruali ya kadeti iliyonyooka na shati la kitenge lililoachwa wazi vinatosha, mradi shingo ya singlendi iwe imekaa. Shingo iliyolegea inaharibu hata viatu vizuri.

Ofisini koti haliondoki. Na ukienda kumsalimia mzee wa Kihesa, Iringa, khanga mabegani kabla ya "kamwene" au "shikamoo". Mabega wazi mbele ya wakubwa hayajawahi kupendeza huku, na sioni haja ya kubadili.

Vumbi jekundu la Iringa limetiwa rangi na chuma, na jiki haliliwezi. Klorini yake inaweza kulifanya doa likae moja kwa moja. Liache tope likauke, likung'ute, fua kwa sabuni ya mche na maji ya vuguvugu. Rangi ikibaki, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja, kisha suuza. Jiki liwe kwa pamba tupu, kidogo na mara chache. Kwenye nguo yenye laikra huleta umanjano na kuua mvuto. Anika ukiwa umeikunja kiunoni juu ya kamba. Usiibane mabegani, maji yatayavuta.

Kwapa likiwa kubwa, fundi anaweza kuliokoa kwa kupandisha bega: anafungua mshono wa bega, anakata sentimeta moja au mbili, anashona upya kwa ovaloki. Akikuambia atabana ubavuni, chukua nguo yako. Ubavu ukibanwa, mwili unapungua na kwapa linabaki wazi vilevile, na upapi unapata kiungo cha pili ambacho kitakukwaruza kila ukinyanyua mkono.