Mti wa Krismasi: hesabu za Montreal zikipandishwa Kilimanjaro

Kila Desemba ikikaribia, ubishi uleule unarudi, na siku hizi unakuja na namba. Huyu anasema mti wa plastiki unaokoa misitu. Yule anajibu kwamba utafiti umeonyesha mti bandia lazima utumike miaka 20 ndipo uushinde mti halisi. Wote wawili wanamalizia kwa "sayansi imethibitisha".

Hebu leo tuzisome hizo tafiti tukiwa tumekaa huku kwetu, Moshi mjini, Marangu, Machame, Kibosho au Rombo. Swali ni dogo: zilipima kitu gani hasa, na je, kitu hicho kipo hapa?

Namba zilikotoka

Ile miaka 20 ilitoka Montreal, Kanada. Mwaka 2009 kampuni ya ushauri ya Ellipsos ilifanya tathmini ya mzunguko wa maisha, yaani kuhesabu kila kinachotumika na kila kinachochafuliwa tangu bidhaa inapoanza kutengenezwa hadi inapotupwa. Mti bandia walioupima ulitengenezwa China, ukavuka bahari hadi Vancouver, ukapanda treni hadi Montreal, ukatumika miaka 6. Jumla ikawa kilo 48.3 za hewa ya ukaa, karibu kilo 8.1 kwa kila mwaka wa matumizi. Mti halisi wa shambani, unaonunuliwa mpya kila mwaka, ukapata kilo 3.1.

Chukua kikokotoo cha simu. Gawanya 48.3 kwa 3.1, unapata karibu 16. Kwa hewa ya ukaa peke yake, mti bandia unahitaji Krismasi 16 hivi ili kulingana na mti halisi. Watafiti wenyewe waliweka kizingiti juu zaidi, miaka 20.

Sasa tazama utafiti mwingine, wa Marekani, wa mwaka 2018. Huu unasema miaka mitano hivi inatosha. Uliagizwa na American Christmas Tree Association, na usidanganywe na jina, maana hicho ni chama cha upande wa miti bandia. Wakulima wa miti halisi wana chama chao, National Christmas Tree Association.

Miaka 5 au miaka 20? Kwa hiyo kuna anayedanganya? Si lazima. Tathmini ya aina hii inategemea sana mipaka uliyoiweka mwanzoni: mnunuzi aliendesha gari kilomita ngapi, shamba lilitumia mbolea kiasi gani, mti ulitupwa wapi. Ukibadilisha jibu la swali moja, matokeo yanageuka. Anayelipia utafiti hahitaji kughushi namba hata moja. Inatosha maswali yapangwe kwa namna inayompendelea.

Mfano mzuri wa jambo hili uko kwenye makadirio ya Carbon Trust ya Uingereza. Mti halisi wa mita mbili ukiishia dampo unahesabiwa kilo 16. Mti huohuo ukichomwa, unahesabiwa kilo 3.5 tu. Mti bandia wa urefu huo ni kama kilo 40. Angalia hiyo tofauti ya 16 na 3.5: ni mti uleule, shamba lilelile. Kilichobadilika ni kilichotokea baada ya sikukuu. Mti uliofukiwa dampo bila hewa unaozeshwa na bakteria wanaotoa methani, gesi inayoipasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa. Ukichomwa, kaboni inarudi angani ilikotoka.

Nawapa sifa zao hawa watu: wametuonyesha kwamba mwisho wa mti una uzito kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba miisho waliyoihesabu si ya kwetu, wala mianzo.

Dhana ya kwanza: kila mwaka mti unakufa

Hesabu ya Montreal inaanzia kwenye shamba la miti ya Krismasi, ambako kila mti unakatwa chini na mwingine unapandwa. Huku kwetu "mti halisi" mara nyingi ni tawi la msaiprasi. Huu ni Cupressus lusitanica, uleule unaopandwa pamoja na misindano kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Rongai, na ambao watu wanauotesha kama uzio. Kumbe nao ni mgeni, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hata ule mti wa maua mekundu ambao Watanzania wengi wanauita mkrismasi kwa sababu unachanua Desemba, asili yake ni Madagaska. Kwa hiyo "halisi" hapa haina maana ya "asilia".

Sasa kuna namna tatu za kuupata huo msaiprasi, na kibiolojia hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni kupogoa uzio. Unakata tawi la pembeni ukibakiza sehemu yenye majani mabichi. Uzio unachipua tena, na pengine ulikuwa unahitaji kupunguzwa hata hivyo. Hakuna mti uliokufa. Tuseme tawi lako lina kilo 10. Nusu ni maji, zinabaki kilo 5 kavu. Nusu ya hizo ni kaboni, kilo 2.5, ambazo zikiungua zote zinatoa kama kilo 9 za hewa ya ukaa. Usishtuke: hiyo hewa mti uliivuta angani miaka michache iliyopita, na uzio ukichipua unaanza kuivuta tena. Tawi likikauka Januari ukalitia jikoni badala ya kuni nyingine, deni ni dogo mno. Hakuna utafiti kati ya nilioutaja uliopima kitu hiki.

Ya pili ni kukata kilele cha mti mchanga. Hapa ndipo penye hasara, na ndipo watu wengi hawaoni tatizo kwa sababu mti "unabaki hai". Ncha ya juu ya mti kama msaiprasi inatengeneza homoni ya oksini, inayoshuka na kuyazuia matawi ya pembeni yasishindane nayo. Ndiyo maana mti unapanda wima. Ukiikata ncha ili upate pambo zuri lenye umbo la pia, kizuizi kinaondoka, matawi mawili matatu yanagombea ukubwa, na shina linakuwa panda. Mti wa mbao unangojwa miaka 25 hivi. Mzee aliyeupanda mpakani mwa kihamba akitegemea ubao wa kuezekea nyumba ya mjukuu, ataambulia kuni. Hasara hiyo haina kilo za hewa ya ukaa, kwa hiyo haionekani kwenye jedwali lolote la Montreal.

Ya tatu ni kukata mti mzima chini. Msaiprasi ukikatwa chini ya matawi yote yenye majani hauchipui. Haufanani na mgrevilea, ambao unaukata matawi na unarudi kama vile hujaugusa. Kisiki cha msaiprasi ni kisiki tu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "mti halisi ni bora?", mrudishie swali: umekatwa wapi, na kwa namna gani?

Dhana ya pili: plastiki itaishia dampo

Mti bandia wa bei nafuu ni waya wa chuma na vipande vyembamba vya PVC. Kwenye tafiti za Ulaya na Amerika unatumika miaka kadhaa, kisha unakwenda dampo na kukaa humo. Plastiki ya PVC iliyofukiwa haiozi haraka, kwa hiyo kwenye hesabu ya hewa ya ukaa mwisho wake unaonekana mpole.

Moshi mjini, mji unaosifika kwa usafi, taka zinazolewa. Lakini panda juu kwenye vijiji vya migombani. Taka za nyumbani zinaishia wapi? Kwenye shimo nyuma ya nyumba, na shimo likijaa linawashwa moto. PVC ina klorini. Ikiungua kwenye moto wa shimo, ambao ni hafifu na wenye moshi mwingi, inatoa gesi ya hidrojeni kloridi inayowasha macho na koo, na inaweza kutengeneza dioksini. Dioksini zimo kwenye kundi la kwanza la kemikali zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hazivunjiki kirahisi na zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili.

Fuata njia yake. Majivu yanatua kwenye majani, ng'ombe wa zizini analetewa hayo majani, na maziwa yana mafuta. Kuku wa kienyeji wanachakura kwenye shimo lilelile, na kiini cha yai kina mafuta. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazoingia mwilini mwa watu zinapitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Mtoto anayepewa yai kila asubuhi ndiye mwenye hisa kubwa kwenye huu ubishi wetu wa mapambo, na hakuna aliyemuuliza.

Sisemi mti mmoja wa plastiki utaua kijiji. Shimo hilo linapokea mabomba ya PVC, nyaya na vitu vingine vingi. Nasema hili: huwezi kuazima miaka 20 ya Montreal halafu ukauacha Montreal mwisho wa huo mti.

"Plastiki inaokoa misitu ya Kilimanjaro"

Dai hili linapendeza, na halina miguu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili chini ya msitu ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulikuta msitu umeshambuliwa: miti ya asili kama mkulo imekatwa kwa mbao, matanuri ya mkaa, moto, mashamba. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ikapanuliwa kuingiza msitu huo. Kwenye orodha hiyo ya maadui, mti wa Krismasi haumo. Hakuna anayeangusha mkulo ili autundikie taa za rangi.

Ukitaka kuhusisha Krismasi na msitu, usitazame kona ya sebule. Tazama gunia la mkaa litakalochoma ndafu, na uliza limetoka wapi.

Kipimo cha ukubwa

Hata kama unajali hewa ya ukaa peke yake, weka mambo kwenye mizani. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Dar hadi Moshi ni kilomita 550 hivi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 55 kwenda na 55 kurudi, jumla kama kilo 250. Hiyo ni miti bandia mitano ya Ellipsos, kwa safari moja ya kwenda kuhesabiwa nyumbani. Mkijaa wanne garini, kila mmoja anabeba kilo 63 hivi. Ukipanda basi, fungu lako linashuka zaidi. Ellipsos wenyewe walikiri kwamba tofauti ya miti ni ndogo ukilinganisha na usafiri, ila sentensi hiyo haisambazwi na watu kama ile ya miaka 20.

Uamuzi

Kwa hiyo wewe ufanye nini? Kama una mti bandia tayari, hata wa mtumba, endelea nao. Gharama ya kuutengeneza imeshalipwa, na kila mwaka unaoongeza ni faida. Ukichakaa, usiutie kwenye shimo la moto. Tenga chuma kwa wanaokusanya vyuma chakavu, na plastiki ipeleke inakozolewa taka.

Kama huna na uko mlimani, usinunue. Pogoa tawi la pembeni kwenye uzio wako, au muombe jirani. Kilele kiache. Liweke kwenye ndoo yenye maji lisikauke haraka, na usiwashe mishumaa karibu nalo, maana utomvu wa msaiprasi unashika moto upesi.

Kama unataka kitu cha kudumu, tafuta kwenye kitalu mche wa podo, mti wa asili wa mlima huu. Unakua polepole, kwa hiyo unaweza kukaa kwenye chombo na kuingizwa ndani Krismasi kadhaa. Siku ya kuuhamishia shambani, usiupande Januari kwenye jua. Ngoja masika ya Machi.

Na mtu akikuletea tena "utafiti umethibitisha", usibishane naye kwanza. Muulize mti waliopima ulikatwa wapi, ukatupwa wapi, na nani alilipia hesabu.