Misuli, Majigambo na Kimya: Mwanamieleka wa Filamu Mbele ya Hadhira ya Kebirigo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi haujampa mwanamieleka nafasi kubwa. Aghalabu hutajwa kwa dharau, kama mtu wa misuli aliyeingizwa katika filamu ili avunje meza na kutupa watu dirishani. Hata hivyo, tangu Hulk Hogan aonekane katika Rocky III (1982) hadi Dwayne Johnson katika The Smashing Machine (2025), wanamieleka wa kulipwa wa Marekani wamevuka kutoka ulingoni hadi kwenye filamu kwa wingi unaodai maelezo. Misuli peke yake haitoshi kuwa maelezo hayo, kwa kuwa miongoni mwa wanamieleka wenyewe wapo waliokuwa na maumbo makubwa mno ambao mlango wa filamu haukuwafungukia.

Makala haya yanadai kwamba kilichomvusha mwanamieleka ni lugha. Aidha, yanadai kwamba jambo hili hudhihirika zaidi likitazamwa kutoka mahali kama Kebirigo, kaunti ya Nyamira, penye soko na kiwanda cha chai, ambako filamu za kigeni mara nyingi humfikia mtazamaji zikiwa zimevuliwa lugha yake na kuvikwa nyingine.

Ulingo na majigambo

Katika Mythologies (1957), Roland Barthes alieleza kwamba mieleka ya kulipwa si mchezo wa mashindano bali ni tamasha. Mtazamaji hajali kama pambano limepangwa. Anachotaka ni kuona uovu, mateso na haki vikidhihirishwa waziwazi mbele ya macho yake. Hoja hiyo ina nguvu hadi leo, ila Barthes alizungumzia mieleka ya kumbi za Ufaransa, ambamo mwili ndio uliosema karibu kila kitu. Mieleka ya televisheni ya Marekani katika miaka ya 1980 iliongeza jambo jingine. Kabla ya pambano, mwanamieleka alisimama mbele ya kipaza sauti, akajitaja kwa majina yake ya sifa, akawahesabu aliowashinda, akamdunisha mpinzani na kuapa atakalomtenda.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kuambiwa kwamba hayo ni majigambo. Kama alivyo mtunzi wa kivugo, mwanamieleka hujitungia nafsi kwa maneno, huyapima maneno hayo mbele ya hadhira, kisha huyaacha yale yasiyopokelewa. Mfano bora ni Johnson mwenyewe. Mwaka 1996 aliletwa ulingoni kama kijana mwema, Rocky Maivia, na hadhira ikamzomea. Mwaka 1997 alirudi akiwa mwovu mwenye kujiita The Rock na kujizungumzia kana kwamba ni mtu mwingine. Misuli ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni usemi. Kufikia mwaka 2002 alikuwa mhusika mkuu wa The Scorpion King.

Roddy Piper anatoa ushahidi wa karibu zaidi. Katika They Live (1988), filamu ya John Carpenter, aliigiza kibarua asiye na makao ambaye anapata miwani inayomwonyesha kwamba watawala wa jamii yake ni viumbe wa sayari nyingine. Usemi unaokumbukwa kuliko wote katika filamu hiyo ulitokana na Piper mwenyewe, katika hazina ya majigambo aliyojiandikia kwa ajili ya ulingo. Pambano lake na Keith David, ambalo huchukua zaidi ya dakika tano, laweza kudhaniwa ni mieleka mitupu. Lakini kinachogombewa ni miwani, yaani mtu mmoja anamshurutisha mwenzake aone, na mwenzake anakataa kuona. Hapo mwili na neno vinafanya kazi moja.

Kimya cha Kamala

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kiini cha suala hili kimo katika mwanamieleka ambaye hakuvuka. James Harris alizaliwa Mississippi mwaka 1950. Mwaka 1982 alipewa jina la Kamala, ikatangazwa kwamba ni jitu kutoka Uganda, nchi ambayo Wamarekani wengi walikuwa wameisikia kwa habari za Idi Amin, aliyepinduliwa mwaka 1979. Alipakwa rangi usoni na tumboni, akashikishwa mkuki, akaingia ulingoni miguu mitupu akiongozwa na mlinzi aliyevaa kinyago. Juu ya yote, hakuruhusiwa kusema. Mtu ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa alinyang'anywa Kiingereza hicho, ili Mganda wa kubuni aonekane kama mnyama.

Katika majigambo msemaji hujitaja mwenyewe. Kamala alitajwa na wengine. Alipambana na Hogan na André the Giant mbele ya umati mkubwa, lakini hakujenga maisha ya uigizaji wa filamu kama wao, na alifariki mwaka 2020. Si haki kudai kwamba kimya ndicho kilichokuwa sababu pekee, kwani ubaguzi wa rangi ulikuwa na njia nyingi za kumfungia mtu mlango. Hata hivyo, mhusika asiye na usemi hana cha kubeba kutoka jukwaa moja kwenda jingine, isipokuwa umbo.

Pingamizi mbili

Huenda ikapingwa kwamba André the Giant, Mfaransa ambaye jina lake halisi lilikuwa André Roussimoff, hakuwa msemaji hodari na bado alipendwa katika The Princess Bride (1987). Pingamizi hii inaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Mhusika wake, Fezzik, ni jitu linalopenda vina, na filamu inampa nafasi ya kuvitunga. Mtoto wa Kebirigo aliyelelewa kwa ngano za amanani, mazimwi ya Abagusii, anajua jitu linatarajiwa kufanya nini likikutana na mtu mdogo. Fezzik anapochezea maneno na rafiki yake, matarajio hayo yanapinduliwa, na mhusika bapa anakuwa mhusika duara.

Pingamizi ya pili ni Dave Bautista, ambaye katika Blade Runner 2049 (2017) anasema machache, kwa sauti ya chini, katika onyesho la mwanzo. Lakini kimya hiki si kile cha Kamala. Bautista anaigiza mtu mwenye jambo la kusema ambaye ameamua kulificha, na mtazamaji anaona jinsi uamuzi huo unavyomlemea. Kimya cha kuchagua ni sehemu ya usemi. Kimya cha kupewa ni adhabu.

Fanani wa Kebirigo

Hapa ndipo Kebirigo inapomlazimu mhakiki afikiri upya. Filamu za namna hii zimeenea Afrika Mashariki kwa njia ya wasimulizi: marehemu Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, na wenzao wa Uganda waitwao vijei. Msimulizi huifunika sauti ya mwigizaji, humpa jina jipya, humtania, humwekea kinywani methali na matusi ya nyumbani. Basi usemi uliomvusha mwanamieleka kutoka ulingoni ndio unaoachwa njiani. Anayefika Kebirigo ni misuli, na anayejigamba ni fanani.

Ipo hasara ya wazi. Vina vya Fezzik hupotea iwapo msimulizi hakuvisikia, na kimya cha Bautista hujazwa maneno ambayo hakikuyahitaji. Lakini ipo faida pia. Msimulizi humrudisha mwanamieleka kwenye asili yake, mbele ya hadhira inayocheka, inayojibu na inayohukumu papo hapo. Katika baadhi ya ngano zetu zimwi halivunji mlango. Huiga sauti ya mama mpaka watoto wamfungulie. Hadhira iliyokua na ngano hizo haishangai kuona sauti ya mmoja katika mwili wa mwingine. Inauliza tu kama sauti hiyo imekuja kwa wema.

Hitimisho

Swali hilo la hadhira ndilo linalopaswa kuwa la mhakiki. Msimulizi wa Kiswahili ana mamlaka ambayo Harris hakupewa, yaani kumpa usemi mwili ulionyamazishwa. Anapokutana na Mwafrika wa kubuni katika filamu ya kigeni, mkuki mkononi na kinywa kimefungwa, anaweza kumfanya aseme kama mtu, au anaweza kumtania kama walivyomtania waliombuni. Yote mawili yamo katika uwezo wa sanaa yake, na hakuna la kumtetea akichagua la pili. Idara za fasihi zinazohifadhi ngano na vivugo zina wajibu wa kuhifadhi masimulizi haya na kuyahakiki neno kwa neno, kabla diski hazijachakaa.