Kruza mbele ya mkaguzi

Nchini Uingereza, pikipiki ikishatimiza miaka mitatu tangu isajiliwe, lazima ipelekwe kukaguliwa kila mwaka, na bila cheti haina ruhusa ya kutembea barabarani. Ukaguzi huo wenyeji wanauita MOT. Ulianza mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Uchukuzi, na ulihusu magari yaliyopita miaka kumi tu. Siku hizo walitazama breki, taa na usukani, basi. Leo orodha imerefuka, lakini kwa upande wa pikipiki kazi kubwa bado inafanywa kwa mikono, macho na masikio ya mtu mmoja ndani ya gereji, na hicho ndicho kinachonivutia.

Nazungumzia hasa kruza: zile pikipiki ndefu zenye kiti cha chini, usukani mpana uliorudi kwa dereva, na injini kubwa inayovuma bila haraka. Yamaha Virago XV535 ni mfano mzuri. Zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo utazikuta zikitoka kwenye ukaguzi na cheti kipya. Sehemu ya sababu imo kwenye mchoro wake. Nguvu ya injini inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, hakuna mnyororo. Mnyororo hulegea, na kila ukiukaza unasogeza ekseli. Ukizidisha upande mmoja kidogo tu, gurudumu la nyuma linakaa mshazari. Mkaguzi huchuchumaa nyuma ya pikipiki akaangalia kama magurudumu yote mawili yamo kwenye mstari mmoja, na kosa la namna hiyo analiona upesi. Kwenye Virago hakuna cha kukaza. Wabunifu wake waliliondoa kosa kabla fundi hajapata nafasi ya kulifanya, na hiyo kwangu ni kazi ya heshima kubwa kuliko urembo wote wa kromu.

Ustadi wa mkaguzi mwenyewe unaonekana vizuri zaidi kwenye beringi za shingo ya usukani. Kruza nyingi hazina stendi ya katikati, kwa hiyo anatia jeki chini ya fremu na kuinua taratibu mpaka tairi la mbele liache sakafu. Kisha anaushika usukani kwa ncha za vidole na kuuzungusha polepole, kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Beringi nzima huteleza bila kusema lolote. Iliyochakaa ina kijishimo katikati, kwa sababu kruza huishi ikitazama mbele. Gololi hukaa palepale miaka nenda rudi, na kila tairi linapoangukia shimoni zinagonga chuma mahali palepale. Usukani ukifika katikati unanasa. Mnaso huo ni mdogo mno, na anayeshika kwa kiganja kizima haupati. Halafu mkaguzi anainama, anashika shokapu za mbele kwa chini, anavuta na kusukuma. Ukisikika mlio wa kugonga, beringi imelegea. Usukani ukiwa mzito kugeuka, kuna aliyeikaza kupita kiasi ili kuficha ulegevu. Mkono uliozoea hutofautisha hali hizo tatu kwa muda mfupi sana.

Udhaifu wa kruza hautokani na kutumika sana. Wengi wanazitoa majira ya joto, kisha zinalala kipindi chote cha baridi, wakati barabara za Uingereza zinamwagiwa chumvi ili zisigande barafu. Chumvi iliyobaki kwenye chuma baada ya safari ya mwisho kabla ya kuhifadhiwa haikosi kazi, hata pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Tazama chuma cha kromu kinachopanda na kushuka ndani ya shokapu za mbele. Kidoa kimoja cha kutu, kidogo kama tundu la sindano, kinatosha: kila shokapu inapobonyea, kidoa kile kinakwaruza ukingo wa sili, sili inachanika, oili inaanza kutambaa kwenda chini, na kwa bahati mbaya chini ndiko iliko diski ya breki. Mkaguzi hushika breki ya mbele, akabonyeza usukani kwa uzito wake mara kadhaa, kisha akapitisha kidole kwenye ile kromu. Kidole kikitoka na oili, kuna kazi ya kufanya. Mwenye pikipiki anayejua mambo hayangoji hayo. Kabla ya kuihifadhi anaiosha kwa maji baridi, anaikausha, na anapaka oili nyepesi kila penye chuma kitupu, isipokuwa kwenye diski za breki.

Matairi nayo yana ujanja wake. Sheria inataka kina cha milimita 1 kwenye robo tatu ya upana wa kashata, na kruza inayotembea kidogo haifikii kipara upesi. Inachofikia ni uzee. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 3514, kwa mfano, maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira wake umekauka na kuanza nyufa. Breki, kwa upande wake, ni hesabu: mfumo mmoja sharti ufikishe ufanisi wa asilimia 30 na wa pili asilimia 25. Bomba la moshi husikilizwa kwa sikio, na likiwa na maandishi kwamba si la barabarani, limeanguka hata kama linang'aa.

Kumbukumbu za ukaguzi zilianza kuwekwa kwenye kompyuta mwaka 2005, na leo historia ya kila pikipiki iko wazi: ukiwa na namba ya usajili unaisoma bure kwenye intaneti, pamoja na maili zilizosomwa kila mwaka, sababu za kuanguka, na yale mambo ambayo mkaguzi ameyaona hayajafika pa kuinyima cheti lakini yanahitaji jicho. Mnunuzi wa kruza iliyotumika asome hapo kabla hajaisikia injini. Wengi hukimbilia ile ambayo haijawahi kuandikwa neno. Mimi ningechagua nyingine. Mwaka mmoja mkaguzi ameandika kwamba sili ya kushoto inaanza kuvuja. Mwaka unaofuata maneno hayo hayapo, maili zimeongezeka, na hayajarudi tena. Maana yake kuna mtu aliyesoma karatasi ile, akaifungua shokapu, akasugua kidoa cha kutu mpaka chuma kikawa laini, ndipo akaweka sili mpya. Angeiweka bila kusugua, mwaka wa tatu ungeandikwa vilevile.