Upinde na Koo

Ukitaka kumsikia Hukwe Zawose sawasawa, usianzie kwenye marimba. Najua marimba ndiyo iliyomtangaza, ile ilimba kubwa ya Kigogo yenye vyuma zaidi ya 60, na wengi humkumbuka akiwa ameipakata. Lakini marimba hupendeza haraka, na msikilizaji akisharidhika huacha kutafuta. Anzia kwenye zeze. Chagua wimbo ambamo anaimba na kupiga zeze mwenyewe, zima redio ya jirani ukiweza, kisha jaribu kusikia mahali ambapo uzi unaishia na koo linaanzia. Utatafuta sana.

Zeze lenyewe halina mengi. Kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu wa shingo, vigingi vya kukazia nyuzi, na upinde wa kijiti uliofungwa katani na kupakwa ulimbo. Zeze la kawaida la Kigogo lina uzi mmoja au nyuzi mbili. Zawose aliongeza nyuzi hadi zikapita 10. Niliwahi kumtazama kijana mmoja pale Bagamoyo akitayarisha lake, asubuhi yenye unyevu wa bahari. Ngozi ilikuwa imelegea, maana ala ya nchi kavu haiipendi hewa ya pwani, kwa hiyo aliianika kwanza juani. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kibuyu tumboni, akaanza kukaza vigingi. Nilidhani atasikilizisha uzi kwa uzi, kama wafanyavyo wapiga gitaa. Yeye aliguna, mdomo umefumba, akaishikilia ile sauti mpaka ikatulia kifuani, ndipo akauvuta uzi uifuate. Ulipoifikia, alinyamaza, na upinde ukaendelea na sauti ile ile bila kuonyesha mahali pa kupokezana. Katika ufundi huu koo ndilo linalopima, na uzi ndio unaopimwa.

Na koo la Kigogo lina kipimo chake. Uzi ukitetema hautoi sauti moja tu. Ndani yake zimo sauti nyingine nyembamba, moja juu ya nyingine, kwa mpangilio ambao hakuna binadamu aliyeutunga. Ngazi ya muziki wa Wagogo imejengwa kwa sauti hizo za ndani, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba piano haina: hukaa chini ya noti ya piano iliyo jirani yake, kwa kadiri ya theluthi ya nusu-toni. Sikio lililolelewa na kinanda cha kanisani huisikia kama imepotoka. Haijapotoka hata kidogo. Zawose anapoishika kwa sauti huku upinde ukiivuta chini yake, sauti hizo mbili hukumbatiana mpaka inazaliwa ya tatu kati yao, mvumo ambao hakuna aliyeuimba wala kuupiga. Unausikia kwenye sahani. Ukiwa na spika nzuri, unausikia hadi mbavuni.

Alizaliwa Ugogo, mkoani Dodoma. Mwalimu Nyerere alipopata habari zake alimwita Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha ngoma cha taifa. Na Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, chuo ambacho leo ni TaSUBa, alifundisha huko, akajenga, akalea ukoo mzima wa wanamuziki, hadi alipofariki tarehe 30 Desemba 2003. Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo ilikatiza nchi ya Wagogo na kulipa hongo ili ipite. Zawose aliishuka njia hiyo kuelekea baharini na mali ambayo hakuna mtemi angeweza kuitoza.

Tuna bahati kwamba mali hiyo ilinaswa. Mwaka 1985 lebo ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa Tanzania Yetu, na mwaka 1987 ikatoa Mateso, Zawose akiwa pamoja na Lubeleje Chiute na Dickson Mkwama. Mwaka 1996 Real World, lebo ya Peter Gabriel, ikatoa Chibite. Baadaye ikaja Assembly, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada, yenye gitaa na mitambo mingi. Hiyo ina wapenzi wake, nami sigombani nao, ila kila nikitaka kumsikia Zawose hurudi kwenye zile za awali. Zina nafasi. Kati ya pumzi na pumzi unasikia katani ikikwaruza uzi, unasikia upinde ukigeuza njia, na sauti yake ikipanda kutoka mngurumo wa kifuani hadi ile nyembamba ya juu kabisa bila kuomba msaada wa chombo kingine.

Hapa nataka kumsifu na fundi mitambo, ambaye jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. Kishawishi cha kuusafisha ule mkwaruzo ni kikubwa, na vifaa vya kuusafisha anavyo mkononi. Lakini Wagogo wenyewe huutafuta: kwenye ilimba hubandika utando wa buibui juu ya tundu la sanduku ili kila sauti itoke na mvumo wake. Anayeuondoa mvumo huo ameondoa kitu kilichowekwa kwa makusudi na mtu anayeijua kazi yake. Kwenye Tanzania Yetu na Chibite haukuondolewa, na kwa hilo nawashukuru watu ambao sitawaona kamwe.

Wazungu nao, katika karne ya 20, waliitafuta njia hii ya uzi na koo baada ya kuizoea mno piano. Gustav Holst alimsikia mwanamke akiimba peke yake huku akipiga fidla katika kanisa la Thaxted, Uingereza, na kutokana na hilo akatunga nyimbo nne za sauti na fidla, kati ya mwaka 1916 na 1917. Rafiki yake Vaughan Williams akatunga zake mwaka 1927. Kisha akaja György Kurtág wa Hungaria na Kafka-Fragmente, vipande 40 vya soprano na fidla, vingine vya sekunde chache tu, alivyovitunga kati ya mwaka 1985 na 1987. Tazama miaka hiyo tena: ndiyo ya Tanzania Yetu na Mateso. Juliane Banse na András Keller wamevirekodi kwa lebo ya ECM, na nawasihi wapenzi wa zeze wavisikilize. Mwimbaji na fidla wanafukuzana, wanakatizana, wananong'onezana, na hakuna ala ya tatu ya kuziba pengo mmoja wao akiteleza. Kurtág aliwahitaji watu wawili. Yule mwanamke wa Thaxted alikuwa mmoja, kama Zawose, na nadhani ndiyo maana Holst hakuweza kumsahau.

Kwa msikilizaji wa pwani jambo hili si geni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa HMV, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, na katika dakika hizo fidla ya taarabu humfuata mwimbaji nyuma kidogo, ikimalizia alichokiacha. Zeze la Kigogo halifuati. Linakwenda bega kwa bega.

Katika ukoo wa Zawose wanawake waliimba, wakapiga ngoma, lakini kuongoza lilikuwa jambo la wanaume. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakijiita The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia Real World. Wao ndio walio mbele sasa, na zeze na ilimba zimo mikononi mwao. Sahani yao ina uchangamfu wake na mitambo ya kisasa, nami nimeipenda. Ila kwa yeyote atakayewarekodi tena nina ombi: awakalishe barazani kwao Bagamoyo, zeze moja na sauti moja, na auache wimbo uende hadi wenyewe waone umekwisha, hata ukipita dakika 15.