Tawasifu au Wasifu wa Kazi? Istilahi Katika Fomu za Ruzuku ya Msanii

Fomu moja ya maombi ya ruzuku, tuliyoonyeshwa na mchongaji wa Lindi, inamtaka mwombaji aambatanishe "tawasifu isiyozidi kurasa mbili". Mchongaji alitii. Aliandika habari za kuzaliwa kwake, za kuhama kwa wazazi wake, na za gogo la mpingo alilochonga kwanza. Maombi yakakataliwa kwa kuwa hayakuonyesha kazi zake. Kosa hapa si la mwombaji, bali ni la istilahi.

Wataalamu wa fasihi wamekwisha kulipa neno tawasifu maana yake: maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert ni ya aina hiyo. Akiandika maisha ya mwingine, huo ni wasifu, kama *Wasifu wa Siti Binti Saad* wa mwandishi huyo huyo. Lakini karatasi aitakayo mtoa ruzuku haisimulii maisha hata kidogo. Yaorodhesha: kazi gani, mwaka gani, ilionyeshwa wapi, iliagizwa na nani. Wako waiitao wasifukazi. Neno hilo si baya, ila sisi twapendelea wasifu wa kazi, kwani msusi wa mikeka wa Kilwa Kivinje ataelewa upesi maneno matatu anayoyajua kuliko moja lililoungwa ofisini.

Pwani ile si ngeni kwa asili ya neno lenyewe. Hasani bin Ismail alitunga *Swifa ya Nguvumali*, utenzi juu ya mganga aliyevuma pande za Kilwa, uliochapwa Oxford mwaka 1968. Swifa na wasifu zatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Na hapo ndipo penye mtego: mtu mwenye adabu husifiwa na wenzake, hajisifu, kwa hiyo aonapo neno lenye harufu ya sifa hupunguza kalamu. Yafaa fomu imweleze wazi kwamba haiombwi sifa, yaombwa ushahidi.

Kipengele cha "Elimu" kina dhara kubwa zaidi. Mchongaji wetu aliandika "hakuna", naye amekaa miaka tisa chini ya fundi! Kiitwe "Mafunzo", na iulizwe: ulifunzwa na fundi gani, wapi, kwa muda gani? Kiswahili kina neno uanagenzi. Sijui kwa nini maofisa wanaliogopa.

Neno ruzuku nalo lilindwe. Aliyeruzukiwa harudishi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania umetoa mikopo kwa wasanii, na mkopo hulipwa. Mfasiri anayeyachanganya maneno haya mawili katika tangazo humwingiza msanii katika deni asilolijua, na hakuna faharasa itakayomtoa humo baada ya kutia sahihi.